Nilimwambia binti yangu sihami mpaka apate mji wenye ziwa, na sasa ameupata

Mwenye ukurasa, ficha jina langu vizuri, maana hapa Rusizi watu wananijua hata kwa kikohozi. Nina miaka sabini na tatu, magoti mabaya, meno machache na masomo ya darasa la nne, tena hilo la nne nililirudia. Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima. Kule walinicheka kwamba mimi Munyarwanda, huku wakanicheka Kiswahili changu, basi nikajifunza kuwa wa kwanza kucheka. Leo sicheki. Ninaandika kwa kidole kimoja.

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Pale kaburini nilisema mbele ya watu wote kwamba mlango wangu umefungwa na ufunguo ameenda nao. Walilia hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula. Aliyelia kuliko wote ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, nitamwita Furaha. Yeye anaishi Asia, anafundisha Kifaransa kwa kompyuta. Mama yake alimwachia neno moja tu: usimwache baba yako peke yake. Mwaka jana alichoka na makelele ya Bangkok, akaniambia anatafuta mji mwingine wa kukaa, safari hii wa watu wawili, mimi na yeye. Akasema nichague mimi.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Badala ya kusema siendi, nikamchezea. Alinionyesha Da Nang kwenye simu, bahari nzuri kabisa, nikamwambia maji ya chumvi ni ya kupikia, si ya kutazama. Alikuwa amepata kazi ya shule huko, akaiacha. Akaenda Chiang Mai, akapata kazi nyingine, akanionyesha milima mpaka nikakosa kasoro. Nikauliza, ziwa liko wapi? Mimi mtu wa Kivu, nikiamka nisione ziwa nitadhani nimekufa. Tena nataka mvua, nataka chai mlimani, nataka sambaza, vile visamaki vyetu vidogo vya kukausha. Kwenye kabare, pale tunapokunywa, wazee wenzangu walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Nilijua hakuna mji wa namna hiyo. Asia mimi naijua kwa ramani ya darasa la nne.

Ukweli wenyewe sikuusema. Kuna mjane mmoja wa kisiwa cha Nkombo, siku za soko anavuka na mtumbwi kuja kuuza sambaza hapa mjini kwetu, Kamembe. Siku ya kwanza nilimtania kwamba sambaza zake zimekonda kama mimi. Hakuinua hata macho. Akasema, "Mzee, basi ni ba-famille yako hiyo. Ununue, uende kuzizika." Nikanunua. Soko lililofuata nikarudi kumwambia mazishi yalikwenda vizuri. Sasa ni miaka miwili, na sambaza nilizokula zimefanya paka za jirani zihamie kwangu. Tunataka kufunga ndoa kanisani, tusiwe watu wa kujificha kama batoto. Kaka zake kisiwani wamekubali, ila mwanaume hajiposei mwenyewe kama mtu aliyeokotwa njiani. Wanataka muntu wa damu yangu aje kunisemea. Na damu yangu hapa duniani ni Furaha peke yake.

Jumapili iliyopita Furaha akapiga simu uso ukimetameta. Yuko mji unaitwa Kandy, kule Sri Lanka. Ziwa liko katikati ya mji. Milima imevaa chai. Mvua ilikuwa inanyesha wakati ule ule, na kanisa lipo. Akafungua kiganja, ndani yake visamaki vikavu vya sokoni, vinafanana na vya kwetu mpaka macho. Akazungusha simu nione nyumba: haina ngazi, kwa ajili ya magoti yangu, na barazani kuna kiti kimoja chenye mito, kimetazama ziwa.

"Papa, nilikataa kazi mbili juu yako," akasema. "Lakini hakuna mubaya. Unaona kiti?"

Nikasema ninakiona.

"Sasa inakosa nini tena?"

Mimi, mzee wa maneno, nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Siku ya soko nikamweleza Maman wa Nkombo kila kitu. Alimaliza kwanza kumfungia mteja samaki wake, kisha akanigeukia. "Mzee, mimi siko sambaza, eti utanikausha nikungojee. Ule mutoto ulimudanganya mwaka muzima. Miye utanidanganya miaka ngapi?" Ameniambia kama Jumapili hii itapita na binti yangu hajajua kwamba yeye yupo, nisimkaribie tena sokoni.

Bandugu, siku moja tu katika maisha yangu nilisema bila mzaha, pale kaburini, na hilo ndilo lililogeuka uongo. Nikimwambia Furaha, atajua baba yake alimzungusha Asia kwa mchezo, na ufunguo wa mama yake umepatikana ndani ya kapu la samaki. Halafu huyo huyo ndiye nimwombe apande ndege aje kuniposea? Nikinyamaza nikaenda, nitakalia kile kiti nikitazama ziwa lisilo na Nkombo, na yeye ataniuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri.

Msinitume kwa padri, ni binamu wa marehemu. Jumapili saa nane mchana simu italia. Nifanyeje, nianzie wapi? Nipeni maneno, hata mawili tu. Mzaha ninao wa kutosha.