Siku Saba za Kuunywesha Ukuta wa Mtoni

Saa moja asubuhi, mgeni anafika kwenye nyumba kongwe iliyo ukingoni mwa mto. Mlango umeng'olewa kwa matengenezo, basi anainua mkono agonge ukuta.

"Piga hodi kwa mdomo, baba," sauti inatoka juu ya jukwaa la ujenzi. "Huo ukuta bado mbichi."

Mwenye sauti ni mwashi wa miaka hamsini na miwili, ambaye mtaa mzima humwita Mama Chokaa. Ameshika ndoo ya maji na brashi ya katani, na anaulowesha ukuta taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Mgeni ni msimamizi wa ujenzi kutoka mji ulio upande wa juu wa mto, ambako maghala ya zamani yanakarabatiwa. Anatafuta fundi wa chokaa. Kazi ni ya miezi minne na gari linaondoka saa nne.

"Saa nne ya leo?"

"Ya leo, mama. Tukikukosa, tutamchukua mwingine njiani."

Miezi minne si haba. Mwaka jana Mama Chokaa alipata kazi siku tisini tu. Siku zilizobaki alifua nguo za watu. Wenye majengo wengi wanataka saruji, inayokauka upesi.

Naye aliwahi kuitumia. Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa haraka ya kumaliza, aliipiga lipu ya saruji nyumba ya jirani na hii. Unyevu wa mto ukapanda ndani ya matofali ya kale, ukakosa pa kutokea. Masika ya pili, ukuta ukameguka.

"Nyumba ilikuwa na miaka mia na ushei, mimi nikaimaliza kwa wiki mbili," anasema. "Aibu ile sijaisahau."

Tangu hapo hupaka chokaa, na huinywesha maji asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba, isije ikapasuka. Leo Alhamisi ni siku ya nne. Jumatatu mkaguzi wa baraza la mji atakuja. Akikuta nyufa, nyumba itafutwa kwenye orodha ya majengo yanayohifadhiwa, kisha ibomolewe.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu anayetembelea mkongojo, amesikia yote akiwa uani.

"Nenda, mdogo wangu. Maji nitanyunyiza mimi."

"Kwa mguu upi, dada? Jukwaa hilo hata paka hulipanda akiomba dua."

"Basi tutafute mtu."

"Nilimwachia mtu mwaka juzi. Akalowesha mpaka mkono wake ulipofika, juu kote kukapasuka."

Mwalimu anacheka kidogo. "Ngojangoja huumiza matumbo, shauri yako."

"Na haraka yangu ilibomoa nyumba. Nilikuahidi siku saba, sikusema nne."

Saa nne honi inalia barabarani, mara mbili. Mama Chokaa anachovya brashi.

Anatumaini kwamba mkaguzi akiridhika, nyumba nne nyingine za ukingoni nazo zitaingia kwenye orodha. "Nipate kazi bila kupanda gari la mtu," anasema.

Jumapili jioni anashuka jukwaani na ndoo tupu. Mwalimu anapitisha kiganja ukutani, polepole, kutoka mlangoni hadi dirishani, akitafuta ufa. Haupati.