Shimo la Mzungu Kwenye Kiwanja cha Emilienne

Wiki ile, katika mji mzima wa Kasongo, mtu mmoja tu alikuwa akimwomba Mungu kwamba kilichofukiwa chini ya ardhi kiwe mavi. Wengine wote waliomba dhahabu, na wachache wenye roho nzito waliomba maiti. Mtu huyo mmoja alikuwa Emilienne, muuza mchele wa sokoni, mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye sauti ya kumwita mteja aliye ng'ambo ya barabara na kicheko cha kumsindikiza akiondoka.

Emilienne alitoka Wamaza kwa miguu miaka kumi na tisa iliyopita, watoto wawili nyuma yake na sufuria kichwani. Tangu hapo alikuwa akipanga nyumba za watu. Alihama nyumba hii akaingia ile, kila mara kwa sababu za mwenye nyumba: mara anaoza mwana, mara anataka chumba cha mama mkwe, mara ameamka tu vibaya. Watoto walikua, wakaolewa, wakaoa, yeye akabaki na magunia yake. Misimu mingi ya mpunga ndiyo iliyompatia kiwanja hiki, juu kidogo ya mji, mahali ambapo zamani za Wabelgiji palikuwa na nyumba ya mzungu. Nyumba ilishaanguka, matofali yakabebwa na majirani, yakabaki majani tu.

Fundi mwashi wake, Grégoire, alifunga kamba siku ya Jumatatu, akaanza kuchimba msingi. Kufika saa nne, sululu ikagonga zege na ardhi ikaitika kama ngoma. Wakafagia udongo. Kikatokea kifuniko kipana, katikati kina pete ya chuma iliyoliwa na kutu.

"Papa Grégoire, hii ni nini?" Emilienne aliuliza.

"Mama, mie niko masoni. Siko padri," alijibu Grégoire, akaiweka sululu chini taratibu, akarudi nyuma hatua nne.

Habari ilifika sokoni kabla Emilienne hajapangusa mikono. Watu walikuja, wakakanyaga kamba zake, wakakaa juu ya rundo la matofali yake ya kuchoma, wakaanza kugawana hazina ambayo hakuna aliyeiona. Kisha akaja shefu wa mtaa, mzee Abdallah, mtu wa haki lakini mpenda taratibu kupita kiasi. Alizunguka kifuniko mara mbili, akakohoa.

"Kazi inasimama, mama. Inawezekana ni kaburi ya mutu mukubwa. Kama ni kaburi, hapa hakuna mutu atajenga tena. Parseli hii, kiwanja yote, itakuwa ya marehemu."

"Marehemu gani, shefu? Iko na jina?"

"Tutamutafutia."

Emilienne alicheka pamoja na wengine, kisha akatoa simu pembeni. Aliyemuuzia kiwanja alishahamia Goma na simu yake haikupatikana. Mvua zilikuwa karibu. Na mwenye nyumba aliyokuwa akikaa alikuwa amemwambia wiki iliyopita kwamba chumba kinatakiwa. Marehemu huyo asiye na jina, kama yupo, alikuwa anamnyang'anya ardhi mwanamke aliye hai, na Emilienne alimkasirikia kwa moyo wake wote. Usiku ule akamwomba Mungu kiwe kitu chochote kisicho na mwenyewe, hata mavi.

Siku ya pili akatokea shemeji yake, Djamali, mume wa mdogo wake. Huyu ni mchimba dhahabu wa Salamabila. Habari ilimfikia kwa simu, akapanda pikipiki usiku kucha, akashuka mwekundu kwa vumbi, na karai la kuoshea dhahabu mgongoni. Kwa Djamali, dunia ni kifuniko tu cha dhahabu. Kila shimo amelipenda.

Hata hivyo si mjinga. Wachimbaji wa Salamabila hawaingii shimo lililofungwa bila kuliuliza kwanza. Alisukuma kifuniko kwa mtaimbo, akawasha kandili, akaishusha kwa kamba. Haikufika hata katikati. Mwali ukanywea, ukazimika.

"Hewa imekufa," alisema. "Mutu akiingia sasa, tunamutoa baridi. Tuache ipumue."

Kifuniko kikaachwa wazi. Kutwa nzima Djamali na vijana wawili wa mtaa walipunga turubai juu ya shimo, kama wanavyofanya kule mgodini, na Grégoire akasimama mlinzi ili mbuzi wa jirani asije akatangulia. Asubuhi ya siku ya tatu kandili ilishuka mpaka chini ikiwaka vizuri. Djamali alijifunga kamba kiunoni, wanaume watatu wakashika, akateremka.

"Iko ukuta katikati!" sauti yake ilipanda. "Vyumba mbili!"

"Bwana na bibi," alinong'ona mama mmoja nyuma, akajifuta machozi. "Walizikwa pamoja."

Shefu Abdallah alivua kofia. Wanaume wengine nao wakavua zao. Emilienne akakaa juu ya tofali lake mwenyewe.

Djamali akapandisha ndoo ya udongo mweusi, mkavu, usio na harufu, kisha akapanda mwenyewe, macho yanang'aa. Hakutaka mambo ya marehemu. Alimwaga udongo ndani ya karai, akatia maji, akaanza kuuzungusha kwa ule ustadi wake, polepole, maji yakitoka na uchafu, kizito kikibaki. Umati ulisogea karibu. Chini ya karai zikabaki punje ndogo, ngumu, za manjano.

Pakapigwa mayowe. Djamali alichukua punje moja, akaipangusa kwa shati, akaitia menoni na kuiuma, kama anavyoonja mchimbaji yeyote mali yake. Ikavunjika. Akachukua ya pili. Ikavunjika nayo.

"Lete nione," alisema Emilienne.

Miaka kumi na tisa sokoni si mchezo. Mtu akimfunga macho, atamtajia mbegu kwa vidole. Alisugua punje kiganjani, akaitazama, akaitazama tena. Uso ukaanza kufunguka.

"Shemeji. Hizi ni mbegu za mapera."

"Mapera?"

"Mutu alikula mapera, shemeji. Mapera mingi sana. Sasa nyama ya pera inabakia tumboni. Mbegu, ile inaendaka wapi?"

Djamali aliacha kutafuna. Watu walimwangalia yeye, wakaangalia karai, wakamwangalia tena.

"Kule ndani, umeona bomba?" Emilienne aliuliza haraka.

"Iko moja ya udongo, juu, upande wa nyumba ya zamani," alijibu Djamali kwa sauti ya mtu anayetamani kufa. "Na ingine inatokea upande wa bonde."

Grégoire akajipiga paji la uso. "Fose! Ni fose ya choo ya mzungu! Chumba ya kwanza inashika mavi, ya pili inashika maji!"

"Ni mavi!" Emilienne aliruka juu, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka msikitini. "Asante Yesu! Ni mavi, shefu! Nani anazikwa na bomba mbili?"

Mzee Abdallah alirudisha kofia kichwani kwa heshima zote zilizosalia. "Mavi haina familia," alitamka. "Mama, endelea na kazi." Djamali alikwisha kukimbilia kisimani na ndimu tatu na majivu, na mpaka leo kule Salamabila hakuna anayemwambia neno pera akiwa karibu na shoka.

Umati ulitaka kutawanyika. Emilienne akasimama njiani, mikono kiunoni: waliokuja kwa ajili ya dhahabu na wakakanyaga kamba zake, kila mmoja alete kapu la mawe, ni salongo, kazi ya wote isiyo na malipo. Wakaleta, wakinung'unika na kucheka. Grégoire alitoboa sakafu ya shimo ili maji ya mvua yasituame, wakamwaga chokaa, mawe, matofali mabovu, udongo mwekundu, tabaka kwa tabaka, wakishindilia.

"Lakini ukuta hauwezi kukaa hapa juu," Grégoire alisema kazi ilipokwisha. "Itazama. Tunasogeza nyumba kule, tunaigeuza." Alikuwa amepiga magoti, anafunga kamba upya. Akainua kichwa. "Mama, mulango unataka iangalie wapi?"

Nyumba zote alizopanga Emilienne, mlango ulitazama kwa mwenye nyumba, ili aone nani anaingia na nini kiko kapuni. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitazama barabara, akatazama bonde, akatazama barabara tena, na machozi yakamtoka bila haya mbele ya fundi wake.

"Ngoja, Papa Grégoire," alisema. "Usinikimbize. Niko nachagua."