Hapana ya Gobnait

Gobnait Ní Loingsigh alichumbiwa mara moja tu maishani, akauvunja uchumba mwenyewe, na sababu aliyoitoa iliwachekesha watu wa parokia kwa miaka. Mwanamume yule alikuwa akikubali kila anachoambiwa. Gobnait akisema mvua itanyesha, itanyesha. Akigeuka akasema haitanyesha, basi haitanyesha. "Nikiolewa na huyu," alimwambia mama yake, "nitaishi peke yangu na bado nimfulie mtu." Akabaki na ng'ombe wake, mama yake na ulimi wake, katika nyumba ya mlimani huko Múscraí, upande ule wa Ayalandi ambako mbwa bado hukemewa kwa Kiayalandi na Mungu huombwa kwa hichohicho.

Mama yake, Neans, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Hakuwahi kumkatalia mgeni neno. Wala si yeye peke yake, ndivyo watu wa huko walivyolelewa. Mgeni akiingia hupewa kiti cha karibu na moto, chai, mkate na siagi, na lolote atakalosema huungwa mkono. Padri mpya akisema kanisa limejaa kuliko mwaka jana, limejaa. Mkaguzi wa mifugo akisema ng'ombe huyu amezeeka, basi ni ajuza. Kumwambia mtu hapana na kikombe chako kimo mkononi mwake ni sawa na kumtoa nje kwenye mvua. Akishaondoka, hapo ndipo ukweli huvuta kiti ukakaa. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; Múscraí hata mwezi ukiisha bado atapewa "ndiyo" yake, na siagi juu.

Sasa, Gobnait alipokuwa msichana, alifika hapo Mmarekani mmoja kijana, Gerard Tarpey, ambaye wazee wake walitoka milima hiyohiyo. Kiayalandi hakukijua. Alikuwa na kamusi, kinasa sauti, na imani kubwa: kwamba maneno ya mitaani ya Kiingereza cha Marekani yalipelekwa na maskini wa Ayalandi, na kwamba wasomi waliuficha ukweli huo kwa dharau. Utafiti wake ulikuwa rahisi. Alichukua neno la Kiingereza, akatafuta kwenye kamusi neno la Kiayalandi linalolia karibu nalo, na akilipata, amemaliza kazi. Mchezo wa karata uitwao poka, alisema, umetoka kwa póca, yaani mfuko, kwa kuwa wachezaji wa kale walipaza sauti "mfuko!" kila dau lilipowekwa mezani. Akasogeza kinasa sauti karibu na Neans. Wazee wako walisema hivyo, sivyo, mama?

Neans alimtazama kijana yule, alivyolowa mpaka soksi na alivyochoka.

"Walisema," akajibu. "Na mara nyingi."

Gobnait alikuwa palepale akikata mkate, na kisu kikamsimama mkononi. Kwao karata zilichezwa majira yote ya baridi, mshindi akaondoka na bata bukini, na hakuna aliyewahi kutaja mfuko. Mgeni alipotoka, Gobnait alimgeukia mama yake, na Neans akapandisha mabega. "Maskini ya Mungu, amevuka bahari. Nimrudishe mikono mitupu?"

Yangeishia hapo. Lakini Tarpey aliandika kitabu, watu wakakinunua, wakakiamini, kwani nani asiyependa kuambiwa kwamba bibi yake aliifundisha dunia kusema? Neans alikuwa keshazikwa zamani wakati kamati ya parokia ilipoamua kusimamisha jiwe mbele ya ukumbi, limechongwa jina lake: Neans Uí Loingsigh, aliyeshuhudia kwamba dunia inacheza poka kwa neno letu. Tarpey mwenyewe angekuja, na basi zima la Wamarekani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Donncha, mwenye baa, binamu yake Gobnait. Ndiye aliyepanda mlima kumwomba binti wa marehemu aje avute shuka ya kulifunua jiwe siku ya uzinduzi.

Gobnait alimwambia neno lenyewe ni la uongo, na yeye Donncha anajua, maana bata bukini alioshinda kwa karata za nyumba ile amewala sana. Donncha hakubisha. Aliuliza tu lina madhara gani. Watu wetu wamedharauliwa karne nzima, alisema, lugha yao ikaitwa ya wachunga nguruwe. Waache nao wajivunie.

"Cha kujivunia ninacho," Gobnait akasema. "Mama yangu alikuwa na neno la nyasi zinazoota baada ya kukatwa. Alikuwa na neno la mtoto anayezaliwa baba yake yuko kaburini. Alikuwa na maneno ya kujaza ukumbi wako, Donncha, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza. Aliulizwa moja tu, la bandia, na hilo ndilo mnamchongea."

"Sawa, dada. Lakini ukisimama useme hivyo, utakuwa umemwita mama yako mwongo mbele ya wageni. Hilo utaliweza?"

Hilo lilimchoma. Jioni alikamua ng'ombe kwa hasira mpaka wakampiga mateke, nao walikuwa na haki. Akinyamaza, mama yake atabaki shahidi wa uongo kwenye jiwe ambalo mvua ya miaka mia haitalifuta. Akisema, yeye binti ndiye atakayemvunjia heshima kaburini. Alimlilia mama yake usiku ule, na alimkasirikia pia, yote mawili kwa pamoja.

Jumapili, baada ya Misa, watu walijaa mbele ya ukumbi, chai imeandaliwa mezani. Tarpey alikuwa amezeeka, nywele nyeupe, mpole yuleyule, kikombe mkononi. Donncha alimwita Gobnait avute shuka. Gobnait aliishika kamba ya shuka, asiivute.

"Bwana Tarpey, wazee wetu hawakusema hivyo," alisema. "Mama alikukubalia kwa sababu ulikuwa mgeni wake."

Watu wote wakaangalia viatu vyao. Tarpey alisema kwa upole kwamba sauti ya mama huyo anayo kwenye kanda. Gobnait akamjibu kwamba anajua, alikuwapo; mkate aliokula Tarpey siku ile aliukata yeye mwenyewe. Kisha akamwomba afanye jambo moja. Ng'ambo ya barabara, ndani ya gari, alikaa mzee Diarmuid, ambaye mguu ulimzuia kushuka na masikio yalimzuia kusikia hotuba. "Buni neno," Gobnait akasema. "Lolote, lisilokuwapo duniani. Nenda kamuulize kama wazee wake walilisema."

Tarpey alisita, lakini akavuka barabara, na watu wakamfuata. Aliinama dirishani, akauliza kwa sauti kubwa kama ni kweli kwamba huku zamani mbweha aliitwa brimbo.

Diarmuid alivua kofia yake.

"Waliita, bwana wangu," akasema. "Na mara nyingi." Akaongeza kwamba babu yake mwenyewe aliwahi kumaliziwa kuku wote na brimbo mmoja.

Watu waliangua kicheko, Wamarekani nao, kisha kikakatika, maana walimwona Tarpey. Uso wake ulikuwa umesawijika. Alirudi polepole mpaka mbele ya jiwe.

"Basi mama yako alinicheka," akasema.

"Hapana," Gobnait akasema. "Hakukucheka hata kidogo. Alikuhurumia. Alikupa moto wake, siagi yake, akakupa na ndiyo yake. Kitu kimoja tu alikunyima, na ni kile ambacho hakumpa mtu ila wa nyumbani kwake. Mimi nakupa leo. Hapana. Hawakusema. Hata siku moja."

Donncha alimkonyeza mpiga akodiani aliyealikwa kwa sherehe aanze kupiga, muziki uyafunike yaliyosemwa. Gobnait akamwambia mpiga akodiani kwamba akigusa kibonyezo kimoja atakila. Halafu akamtafuta kwa macho fundi aliyechonga lile jiwe, akamwambia akalete patasi yake, alifute jina la mama yake.

"Kesho, Gobnait," fundi akanong'ona. "Wageni wakishaondoka."

"Sasa hivi. Wakiwepo."

Fundi alimtazama Donncha, Donncha akamtazama padri, na padri akawa anachunguza mawingu. Hakuna aliyejongea. Ndipo Tarpey alipoweka kikombe chake chini, akaichukua kamba mkononi mwa Gobnait, akaivuta shuka mwenyewe, ili fundi aone pa kuanzia.