Makoti ya Kukodi Nje ya Geti la Bunge

Mara ya kwanza Mama Makoti kuingia kwenye stoo yangu ya mitumba, alinikuta nafungua robota la makoti ya kiume. Hakuuliza bei wala hakupapasa kitambaa. Alianza kuyavaa moja baada ya jingine, huku amejifunga mto tumboni chini ya gauni.

"Dada, hiyo ni mimba au ni nini?"

"Ni mheshimiwa," akasema. "Mwembamba hasahau koti lake. Mnene ndiye analivua nyumbani kwa joto, akafika mlangoni na shati tupu. Nitolee ya matumbo, kaka. Meusi au kijivu, vifungo visiwakewake."

Biashara yenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia. Kanuni za Bunge zilikataza mbunge mwanamume kuingia ukumbini bila koti na tai, na askari wa mlangoni walikuwa wanarudisha watu. Mama Makoti alikuwa na kibanda nje ya geti. Alikukodishia koti, ukaingia kutunga sheria, ukitoka unarudisha. Askari walimwacha pale kwa kuwa aliwapunguzia ugomvi na wakubwa. Kibali kingine hakuwa nacho.

Tulipatana hivi: robota likifunguliwa, achague kabla ya wachuuzi wengine, lakini anunue pia yaliyochanika ambayo ningeyatupa. Nilidhani nimempiga bao. Kumbe yale mabovu ndiyo aliyokodisha zaidi, maana mwenye haraka haangalii bitana.

Mumewe alikuwa dereva wa lori kabla ya kiharusi kumpoozesha upande mmoja. Kila asubuhi Mama Makoti alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kibandani, akamweka nyuma ya makoti na redio yake, mzee akasikiliza Bunge mpaka jioni. Pesa ya dawa zake za presha ilitoka kibandani hapo. Daktari alishawaonya: akiziacha, kiharusi cha pili hakitapiga hodi.

Kisha redio ikatangaza kwamba mbunge mmoja kijana ataleta hoja ya kufuta koti na tai. Vazi lolote la heshima litatosha.

"Huyo mtoto anataka kunizika nikiwa hai," Mama Makoti akaniambia. Akawa kila anayemvalisha anamng'ang'ania mkono: mheshimiwa, nakuomba, ikataeni. Mzee mmoja mwenye kitambi, mteja wake wa siku nyingi, alicheka. "Mama, lala usingizi. Haipiti. Nani anataka kukaa na watu waliovaa kama wanakwenda kuoga?" Lakini mwenye hofu hasikii. Hata chakula alikuwa hali.

Siku ya hoja nilikuwa nimempelekea mzigo. Kijana akatokea mwenyewe, shati la mikono mifupi, jasho linamchuruzika. Alikuwa amerudishwa mlangoni.

"Shikamoo mama. Nikodishie koti, wananisubiri."

"Marahaba. Uingie nalo ukaseme makoti hayana maana?"

Akainamisha kichwa, akatabasamu kwa aibu. "Kanuni ni kanuni mpaka ifutwe, mama."

"Basi makoti yamekwisha, mwanangu."

Yalikuwa yananing'inia pale pale nyuma yake, safu nzima. Mumewe akasema kwa ule mdomo wake uliopinda, "Mpe, mke wangu. Ataongea, watamzomea, atakaa. Yataisha."

Nami nikamnong'oneza, "Mteja hakataliwi. Mpe koti."

"Wewe kesho utauza soksi," akanijibu. "Mimi nitauza nini?" Akateremsha pazia la kibanda.

Kijana akaondoka. Wenzake walikuwa wanarudi kutoka kunywa chai, akajichanganya nao, akapenya hadi ndani na shati lake. Yaliyofuata tuliyasikia redioni. Spika akaamuru atolewe. Viti vikaburutwa, watu wakapiga kelele, kisha sauti ikasema shati lake limechanwa. Na yule mzee wa kitambi akasimama. Alisema alikuja kupinga hoja, ila hawezi kutetea kanuni inayomvua nguo mtu aliyechaguliwa na watu. Wengine wa upande wake wakamfuata. Hoja ikasomwa na mwingine, ikapita kwa mwitikio wa kishindo.

Mama Makoti akakaa chini, kwenye vumbi. Mumewe akazima redio. "Ungempa," akasema polepole, "wangemchoka tu."

Mama Makoti aliinuka akakimbilia kwa mkuu wa askari wa geti. "Baba, nitauza maji. Nitauza hata karanga. Niacheni hapa hapa."

"Mama yangu," yule askari akamwambia, bila ubaya, "tulikuvumilia kwa ajili ya makoti. Sasa tukiulizwa, tuseme nini?"

Kibanda kiliondolewa kabla ya kikao kingine. Kijana alipata kanuni yake na jina. Makoti niliyanunua mimi kwa bei ya matambara, maana hakuna mwingine aliyeyataka, nikamuuzia mtengeneza majeneza anayevalisha maiti. Faida nilipata, sikatai. Ila yaliyochanika sasa nayatupa, sijampata mnunuzi mwingine.

Mama Makoti anapiga pasi kwa dobi mmoja, amesimama kutwa. Mumewe anabaki nyumbani peke yake, mlango umerudishiwa. Nilipomuuliza Mama Makoti hali ya mzee, alisema dawa wanaigawa: leo anameza, kesho anaruka.