Dawa za Jumapili

Dada yangu na mimi tuligunduliwa kuwa na presha mwaka uleule. Tuliirithi kwa mama. Mimi nilikuwa karani wa ofisi Kitale, yeye akiuza samaki wa omena na mboga sokoni Bungoma. Tulipewa dawa zilezile.

Mimi nilibadilika haraka. Nilipunguza chumvi, na jioni tulitembea na wenzangu wa ofisini tukiwa na raba miguuni, hadi karibu na mtaa wa Matisi na kurudi. Nikaanza kujiona mjuzi. Kila nilipompigia dada simu nilimuuliza kama amekunywa dawa.

"Nimekunywa, mdogo wangu."

Siku moja nilimtembelea sokoni nikamkuta anakula ugali kwa omena yenye chumvi tele. Nilimgombeza mbele ya wateja. Nikamwambia hajipendi, hata mazoezi hafanyi.

Alicheka. "Wewe unatembea ndio uchoke. Mimi nimeshachoka bila kutembea."

Wateja wakacheka naye. Niliudhika, nikaondoka bila kumuaga vizuri. Wiki nyingi zikapita sijampigia simu.

Aliyenipigia ni mama mmoja, jirani yake wa sokoni. Dada alikuwa ameanguka akipimia mtu omena. Nilifika hospitali nikamkuta mkono na mguu wa kulia haina nguvu, mdomo umevutwa upande. Daktari aliuliza kama alikuwa anatumia dawa. Nikajibu kwa haraka kwamba alikuwa anakunywa kila siku.

Yule jirani alinivuta kando. "Madam, mimi sitakuficha. Alikuwa anakunywa Jumapili tu."

"Kwa nini?"

"Si zile dawa zinakojoza? Choo cha soko kiko mbali, na siku zingine kimefungwa. Ataacha meza na nani kila saa? Jumapili ndio alikuwa anashinda nyumbani."

Dawa hizo hizo zilikuwa zikinisumbua mimi pia, lakini choo cha ofisi yetu kiko mlango wa pili kutoka kwenye meza yangu. Miaka yote hiyo nilimuuliza kama amekunywa. Sikuwahi kumuuliza kama anaweza.

Nilirudi kitandani nikamshika mkono ule mzima. Alinitazama, midomo ikihangaika. Niliinama kumsikia.

"Usinigombeze," alisema.

"Sitakugombeza, dada. Nisamehe."

Sijui kama alinisikia. Alifumba macho, akalala. Siku ya tatu akafariki.

Niliporudi kazini, mwenzangu mmoja alinipa pole, kisha akaongeza kwamba watu wa sokoni ni wagumu, ati hawajali afya yao. Hakuwa na ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema maneno kama hayo, tena nikiwa nimesimama mbele ya meza ya dada yangu. Nilitaka kumweleza, machozi yakanitangulia. Akadhani nalia kwa sababu ya msiba tu, akaenda kuniletea maji.