Fundi aliyeshusha picha zifike machoni pa watoto

Saa mbili asubuhi, ukumbi mkuu wa makumbusho ya historia ya jiji haujafunguliwa, na Mama Nyundo yuko sakafuni, magoti juu ya gunia lililokunjwa, misumari mdomoni. Anapigilia, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anapigilia tena. Picha sitini na nne, zote usawa wa kiuno chake.

Anaingia mkuu wa makumbusho, suruali imepigwa pasi ikanyooka. Anasimama kama aliyekuta ng'ombe sebuleni.

"Mama, mbona umezipanda chini kama viazi?"

"Nimezitundika kwa wenyewe, bosi."

"Kipimo chetu ni mita moja na nusu."

"Hicho ni cha mimi na wewe. Waliochora hawafiki huko."

Waliochora ni watoto wa mafunzo ya sanaa ya familia, kila Jumamosi. Wazazi na mabibi husimulia chumba cha kwanza walichokaa walipohamia jijini, watoto hukichora. Kwa miaka minne maonyesho yao yamekuwa kwenye korido ya vyooni. Leo ndiyo mara ya kwanza wanapewa ukumbi mkuu, na mkuu anatoa sharti: wageni wakinung'unika kabla ya saa sita, picha zinarudi koridoni.

Mama Nyundo, miaka hamsini na minane, fundi wa kutundika kwa miaka ishirini na miwili, anatemea misumari kiganjani. "Sawa. Saa sita si mbali."

Wazo lenyewe alilipata koridoni hukohuko. "Nilikuwa naona mtoto ananyanyuliwa kwapani ili aione picha aliyoichora mwenyewe," anasema. "Mwingine kabebwa mgongoni, anachokiona ni kisogo cha baba yake. Nikasema, kosa hili ni la mwenye nyundo."

Saa tatu milango inafunguliwa. Watu wazima wanaingia wima, wanakodolea macho ukuta mtupu. Watoto wanawavuta mikono. Mzazi mmoja anachuchumaa, wa pili anakaa kabisa. Bibi mmoja anashushwa taratibu na mjukuu wake, magoti yanalia kama mlango mkuukuu.

"Dirisha lilikuwa huku, si huko," bibi anateta.

"Ulisema mwenyewe, bibi."

"Nilisema lini? Na jiko liko wapi? Tulikula hewa?"

"Jiko hukunisimulia."

Bibi anacheka hadi machozi, kisha anaanza kusimulia jiko. Familia mbili zisizomjua zinasogea kusikiliza.

Mkuu anapita, mikono nyuma. Msichana wa miaka mitano hivi anamvuta suruali. "Babu, chuchumaa. Hapo juu huoni kitu."

Mkuu anatazama saa. Anatazama suruali yake. Anachuchumaa, akiongozwa picha hadi picha, na saa sita inapita bila mtu kuitaja. Anaponyanyuka anamwendea fundi, mkono kiunoni.

"Ziache hapohapo. Ila nitafutie kiti."

"Kirefu au kifupi, bosi?"

"Usianze, mama."

Jumamosi ijayo Mama Nyundo hatashika nyundo. Amejiandikisha kwenye mafunzo, upande wa watoto: yeye atachora, mama yake mzazi wa miaka themanini na moja atasimulia.

"Miaka yote natundika vya wenzangu," anasema. "Na mimi ni mtoto wa mtu."

Na picha yao ataitundika wapi?

"Palepale chini. Mama siku hizi anatembelea kiti cha magurudumu. Macho yake yanaishia hapohapo."