Karani Mkristo kwa Kadhi wa Amu

Siku ya kwanza nilipopanda ngazi za Mahakama ya Kadhi ya Amu, yaani Lamu, nilikuwa na msalaba shingoni, na kutoka gatini nilijiuliza njia nzima kama niufiche. Nilikuwa nimehamishwa kutoka mahakama ya hakimu kule Machakos, nikiwa nimezoea kesi za wizi wa ng'ombe na ugomvi wa mipaka. Sheikh Kadhi alinitazama, akanionyesha kiti.

"Bi Ndunge, dini yako ni yako," akasema. "Hapa andika alilosema mtu, si ulilotaka aseme."

Kazi yangu ya karani ilikuwa kufungua jalada, kuandika samansi, yaani wito wa mahakama, na kuita kesi mlangoni. Mengine nilifunzwa pale pale: namna mirathi inavyogawanywa, na eda, muda anaokaa mwanamke aliyeachwa au kufiwa kabla ya kuolewa tena. Sheikh alinieleza kwa subira, kahawa chungu mkononi, na nilipokosea matamshi alicheka kidogo tu. Makadhi wengine walikuja baada yake, wema pia, lakini yeye ndiye aliyenifunza kazi.

Ninayemkumbuka zaidi ni Bi Mwanaisha wa kijiji cha Matondoni. Mumewe alihamia Mombasa akaoa huko, asimpe matumizi wala talaka. Wazee walipomsihi kwa simu, aliwajibu, "Nimemfunga, na ufunguo ninao mimi."

Sheikh alimwita mahakamani mara kwa mara. Hakuja. Siku ya hukumu Sheikh akatoa faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa mwenyewe pale mume anapokataa kuacha.

"Na kwetu watakubali?" Bi Mwanaisha akauliza.

"Watakubali. Sheria ile ile aliyokufungia ndiyo iliyokufungua. Enda, mwanangu, ndia i wazi," Sheikh akasema, akimwonyesha njia ya mlangoni kwa mkono.

Bi Mwanaisha alikaa kwenye benchi la nje, akalia. Eda ilipokwisha aliolewa na fundi wa vyombo vya baharini hapo hapo kijijini.

Nilikuwa nimeshastaafu, nikabaki Amu, ulipokuja bungeni mswada wa kuzuia mahakama zote zisizingatie sheria ya dini yoyote. Kanisani kwetu wengi waliuunga mkono. Wajumbe wa kamati ya Bunge walipofika Amu kusikiliza wananchi, mzee wetu wa kanisa alinishika mkono mlangoni mwa ukumbi.

"Mama Ndunge, usituaibishe."

Nikasimama hata hivyo, nikaeleza kisa cha Bi Mwanaisha bila kutaja jina lake.

"Lakini mama," mwenyekiti akauliza, "si hakimu wa kawaida angemwandikia talaka?"

"Angemwandikia, Bwana mwenyekiti. Na kijijini angebaki mke wa mtu. Nani angemposa? Mkiifungia mlango sheria hiyo, aliyeshikwa nayo atatokea wapi?"

Mwenyekiti aliinama akaandika. Mswada haukupita. Sijui maneno yangu yalikuwa na uzito gani. Waliosema siku ile walikuwa wengi. Mzee wa kanisa alininunia hadi Pasaka, kisha Jumapili moja akanisogezea nafasi kwenye benchi lake, nami nikaketi.

Sheikh alikwisha kufariki. Nikipita mtaa wa Mkomani asubuhi huiona nyumba yake, na masikio yangu bado husubiri kikohozi chake cha kuanza kikao. Wanangu huniuliza nitarudi lini nyumbani. Huwaambia mvua ikinyesha vizuri kwetu Kangundo, kule Machakos. Ikinyesha, natafuta sababu nyingine.